Kaskazini Amwita Kusini

Wifi yangu, mfanyakazi pekee wa uwanja wetu wa ndege, aliniudhi tangu siku ya kwanza nilipofungua meza yangu ya chai pale. Abiria walikuwa watatu, wote wamekaa mbele yake, magoti yanakaribia kugusa meza yake, naye akachukua kipaza sauti na kutangaza, "Abiria wa ndege ya kusini, mnaombwa kuelekea geti namba moja." Geti lenyewe ni hilo hilo. Na ndege zote ni za kusini, maana uwanja wetu ndio wa mwisho wa nchi upande wa kaskazini. Nyuma ya uzio ni nchi ya watu, na rubani akizidisha kidogo amekwenda ng'ambo bila pasipoti.

"Wifi, si uwaambie tu kwa mdomo?" nilimuuliza.

"Aliyelipa nauli ya ndege atangaziwe kama mtu wa ndege," akanijibu, akaendelea na kazi.

Mdomo wangu hauna breki, lakini siku hiyo nilirudi kwenye birika langu. Baadaye nikaanza kumtazama vizuri. Alfajiri alipita na pikipiki kwenye njia ya ndege, akifukuza mbuzi kwa filimbi na kuokota mawe. Kisha alipima mizigo, na kwa kuwa ndege ni ndogo, alipima na watu. Akimpandisha mtu kwenye mizani alifunika namba kwa kiganja, akasoma peke yake. Mji mzima umepita pale, pamoja na wenye vitambi wanaojiita wanene kidogo, na hakuna aliyewahi kusikia kilo za mwenzake. Mimi ningekuwa na siri hizo ningeshapasuka.

Kwenye redio ya upepo, ile ya kuitana na viwanja vingine, alikuwa na mwenzake. Ndege yetu hukata nchi nzima hadi uwanja wa mwisho upande wa kusini, na kule nako kuna mwanamke mmoja anayefanya kazi zote. Hawakuitana majina. Kila asubuhi ilikuwa hivi:

"Kusini, Kusini, Kaskazini hapa."

"Nimekupata, dada. Leta upepo."

"Upepo wa kuanua nguo za mtaa mzima. Kwenu?"

"Kwetu mvua. Hata vyura wamechoka."

Walianza wakiwa wasichana. Wakaolewa, wakazaa, wifi akafiwa na mume, yote hayo kwenye redio, na hawakuwahi kuonana. Sheria ni kwamba ndege haiondoki mpaka kila uwanja uwe na mtu, maana ikishindwa kutua kule itarudi huku. Mmoja akitaka kusafiri lazima apatikane wa kumshikia nafasi, na nani aje kukaa mwisho wa nchi? Simu za picha zilipoingia wifi aliomba picha, Kusini akakataa. "Uso wangu utauona ukija. Milima ndiyo haikutani."

Basi wifi akafika umri wa kustaafu. Makao makuu wakaahidi kumleta mrithi wake kwa ndege ya Jumanne, naye aondoke na ndege hiyo hiyo kwenda kusini. Kusini akaomba likizo, akapelekewa bwana mmoja wa kumshikia redio, ili apate kukaa na mgeni wake. Wifi akashonesha gauni jipya. Wiki nzima alinichosha.

"Hivi atanipenda kweli?"

"Amevumilia sauti yako miaka yote hiyo," nilimwambia, "uso utamshinda nini?"

Jumanne ndege ikatua. Mrithi, mtu mzima mwenye shati lililopigwa pasi, akasimama mlangoni mwa ndege. Akatazama changarawe, mbuzi, uzio. Upepo ukamchukua kofia, ukaipeleka nchi jirani. Akarudi ndani akafunga mkanda.

"Mimi sishuki," alisema. "Kazi yenu chukueni."

Rubani alimbembeleza, mimi nilimtukana, wala haikusaidia. Abiria wa kuondoka walikuwa wanangoja, mmoja wao mjamzito anayepelekwa hospitali kubwa. Wifi akasukuma sanduku lake chini ya meza yangu. Akavaa kizibao chake cha reflekta juu ya gauni jipya, akashika kipaza sauti, akawatangazia geti namba moja kwa sauti ile ile ya kila siku. Mimi ndiye niliyekuwa nalia. Siku ile nilimvulia kofia, ingawa kofia iliyokuwepo ilishavuka mpaka.

Ndege ilipopaa akaita. Likizo au si likizo, Kusini alikuwa redioni.

"Abiria watano, dada. Mimi simo."

"Umesemaje?"

"Mrithi amegoma kushuka. Siwezi kuuacha uwanja."

"Nimekupata," sauti ikajibu, bila dada.

Siku zilizofuata redio ilijibiwa na yule bwana wa kushikilia. Wifi alimuulizia mwenzake, akaambiwa yuko likizo, basi. Chai yangu ikawa inapoa mbele yake.

"Amenikasirikia," aliniambia. "Na ana haki. Alishanitandikia kitanda."

Nikaimwaga ile chai, nikammiminia nyingine ya moto.

Ijumaa ndege ikarudi. Wifi hakuwatazama walioshuka. Alikuwa ameelekea dirishani, akitoa taarifa kama kawaida. "Kusini, Kusini, Kaskazini hapa. Ndege imetua salama."

"Nimekupata, dada. Leta upepo."

Sauti haikutoka redioni. Mlangoni alisimama mama mmoja mfupi, mnene, mkoba kwapani, kilemba kimeangukia begani. Wifi hakugeuka. Alishika meza kwa mikono miwili.

"Upepo..." alianza, akashindwa.

"Nimeshauona. Umenivua kilemba mbele za watu."

Wakakumbatiana. Wifi, ambaye sikumwona akilia Jumanne, alilia mpaka mabega yakatikisika. Nyuma yao abiria wa kuondoka walikuwa wamepanga mstari na mizigo yao. Kusini aliwatazama, akaitazama mizani, akamtoa mwenzake kifuani taratibu.

"Ndege iko nje, dada. Kizibao kingine kiko wapi?"

Wifi akampa. Kusini akakivaa, akampandisha mtu wa kwanza kwenye mizani, akafunika namba kwa kiganja, akasoma peke yake.