Mkono wa Noor

Nasikia umejiunga na judo, mwanangu, na tayari unanung'unika kwamba wiki tatu nzima mwalimu anawafundisha kuanguka tu. Keti hapa, chai ipo.

Iko siku moja haijanitoka kichwani hadi leo. Nilikuwa kidato cha tatu hapa hapa Garissa. Mwalimu Mutua, aliyehamishiwa huku kutoka Machakos kufundisha hisabati, alitufunza judo juu ya magodoro makuukuu ya bweni. Mwezi mzima tulianguka: kidevu kifuani, mkono upige godoro, inuka, anguka tena. Kisha akatupa ishara moja. Ukizidiwa, piga godoro mara mbili. Mwenzako akipiga, achilia papo hapo.

Mimi na Noor tulicheka. Noor alikuwa rafiki yangu wa kufa na kuzikana, mtoto wa wafugaji wa Griftu. Unajua tulivyolelewa, mwanamume haonyeshi kwamba anaumia. Siku ya tohara hupepesi hata jicho. Sasa ndiyo tupige godoro kama watoto wanaobisha hodi?

Alasiri moja mwalimu aliitwa ofisini. Nikamlaza Noor, nikamkunja mkono, wenzetu wakatuzunguka. Nikangoja apige. Hakupiga. Uso wake ulikuwa mkavu, lakini kiwiko kilikuwa kikitetemeka mikononi mwangu. Nilijua anaumia, mwanangu, na hapo ndipo ninapojilaumu. Niliona nikiachilia kwanza nitaonekana mdogo. Nikaongeza kidogo tu. Kiwiko kikaalika, kikavunjika.

Hata hapo hakulia.

Mwalimu hakunichapa. Aliketi chini kando yangu, akasema, "Huyo alikuazima mwili wake ujifunzie. Ulikuwa na kazi moja tu, kumrudishia."

Noor alirudi kwao, na mkono haukunyooka tena. Ndio mkono wa kuvutia maji kisimani, na kwao ngamia walikuwa wengi. Niliona haya kumfuata. Mwaka ukawa miaka. Judo nayo ikaniishia, maana nani angenipa mkono wake tena? Nilikuwa nikienda nyuma ya zizi la mbuzi, naanguka mchangani, napiga mchanga, nainuka, na hakuna mtu. Upweke ule sikuombei.

Nilipofika Griftu nilikuwa na mvi. Nikamkuta kisimani, wanawe wakinywesha mifugo.

"Umechelewa, walaal," akasema, yaani ndugu. Akaninyoshea mkono wa kulia. Uliishia nusu ya njia, nikasogea kuufuata. Nikamwomba msamaha palepale.

"Nami nilipaswa kupiga godoro," akasema. "Kiburi tu."

Tulikaa pamoja siku mbili. Mwaka huohuo tukamzika.

Basi, mwanangu, usione kuanguka ni kazi ya wanyonge. Jifunze polepole mpaka mwili uzoee wenyewe. Ukiumia piga godoro, hata dunia nzima ikikutazama. Na ukimshika mwenzako usingoje ishara yake, sikiliza mkono wake na uachilie mapema. Wakikucheka, waache wacheke. Ukimkosea, mfuate siku hiyohiyo. Usingoje mvi kama mimi.

Mungu akulindie viungo vyako na vya mwenzako, na ukifika umri wangu usikose rafiki wa kukunyoshea mkono, nao ukufikie. Amin. Haya, nenda, wenzako wanakungoja.