Kofia Iliyokimbilia Mkiani mwa Helikopta

Juzi helikopta ilitua uwanja wa shule kule kijijini Wema kumchukua mama mwenye uchungu wa kuzaa, maana mafuriko yamekata barabara ya Garsen. Mapanga yake yalikuwa bado yanazunguka wakati msaidizi wa rubani aliposhuka na kutupigia kelele: "Piteni mbele, mkiwa mmeinama! Nyuma hapana! Panga la mkiani likizunguka halionekani."

Mwenyekiti wa kamati ya mafuriko alitikisa kichwa kukubali kuliko sisi sote. Mara upepo ukaipeperusha kofia yake kuelekea mkiani, naye akaifuata mbio, kifua mbele. Muuguzi aliyekuwa kando ya machela akamrukia, akamshika shati, wakaanguka wote matopeni.

Ikabidi rubani azime injini. Mama wa watu akabaki juani, anauma leso kwa uchungu, tunasubiri.

"Sista, umeniaibisha mbele ya watu!" mwenyekiti akafoka.

"Mzee, ningekuacha tungekuokota vipande vipande."

Mama alifika hospitali, akajifungua salama. Mwenyekiti bado anadai aombwe radhi. Jana amenipigia simu, anataka niandike gazetini jinsi alivyodhalilishwa.

Haya, nimeandika.