Mkono Uliokataa Kutulia

Wouter Harmensz alikuwa mpasuaji katika mji wa Haarlem kwa miaka ishirini na sita. Wenye mawe kwenye kibofu walimwita yeye, na wengi walipona. Chama cha wapasuaji kilipotaka picha yake ya kutundika ukumbini, kilimpa kazi hiyo Aechje Lamberts, mchoraji mwanamke mwenye ulimi mkali na jicho kali zaidi.

"Shika kisu," Aechje alimwambia. "Mtu akiingia ajue kazi yako kabla hajauliza jina."

Akachora uso, kola nyeupe, joho jeusi. Mkono ukamshinda. Aliufuta mara tatu.

"Bwana Wouter, tulia basi! Umeficha nyuki humo?"

Wouter alicheka, huku jasho likimtiririka mgongoni. Tangu majira ya baridi aliuona mtetemo ule wa mkono, akajiambia ni uchovu tu. Sasa ulikuwa umeonwa na mtu ambaye kazi yake ni kutazama.

"Nakusihi, Bibi, usimwambie mtu. Nichoree mkono wa mwingine."

"Naweza. Lakini Alhamisi utaazima wa nani?"

Alhamisi alikuwa ampasue jirani yake Teunis, mwoka mikate.

Siku mbili zikapita. Kila Teunis alipompungia mkono kutoka dukani, Wouter aliona akilini damu isiyozuilika. Na akikiri, atabaki kuwa nani? Mji mzima ulimjua kwa kisu chake.

Jumatano alikwenda dukani, akaunyoosha mkono juu ya meza ya unga.

"Tazama. Sitakupasua mimi."

Teunis akapauka. "Mungu wangu! Ulitaka kuniambia nikishafungwa kamba nipasuliwe?"

"Niliogopa."

"Uliogopa wewe? Na mimi je?"

Alhamisi aliyepasua ni Joost, aliyefundishwa na Wouter. Wouter alimshika Teunis mabega, akamwelekeza Joost kwa sauti ya chini: "Kushoto kidogo. Usiharakishe." Teunis alipiga mayowe hadi sauti ikakauka. Jiwe likatoka, kubwa kama yai la njiwa. Homa ikafuata siku nne, na Wouter hakubanduka pale kitandani. Ya tano, mgonjwa akaomba supu ya njegere.

Aechje alimchora upya: kisu kiko mezani, midomo imefunguka kama ya anayemwelekeza mtu, macho yana hofu. Wakubwa wa chama walinung'unika kuhusu macho yale, wakaitundika picha karibu na ngazi, si ukumbini. Wouter aliendelea kufundisha vijana wa chama miaka tisa, mpaka mtetemo ulipozidi, ikabidi mkewe amlishe kwa kijiko.