Twiga Karudi, Sisi Tunatazama Udongo

Juzi tulialikwa kwenye hifadhi moja ya mtu binafsi, nje kidogo ya Katoro, kushuhudia twiga wakirudishwa porini. Huko walishatoweka zamani. Kando yangu alisimama mama mfugaji, mikono kifuani. Kabla ya uzio kujengwa, ng'ombe wake walilisha humo humo.

“Shikamoo mayu. Umefurahi?” nilimuuliza.

“Marahaba. Hakuna anayefukuza ng'ombe kwa ajili ya twiga. Chini kuna dhahabu.”

Meneja wa hifadhi alimsikia. “Hatuchimbi chochote, mama. Twiga wanakwisha, tunawarudisha kwao.”

“Na ng'ombe wangu kwao wapi?”

Meneja alirekebisha kofia yake.

Lori lililobeba twiga likafunguliwa. Twiga jike akashuka taratibu, akateleza, kwato zake zikafukua udongo mwekundu. Watu wakapiga makofi. Wachimbaji wawili wa dhahabu, waliokuja kutazama kama sisi, hawakupiga. Walichuchumaa, wakachota ule udongo, wakausugua viganjani. Mama akasogea. Meneja naye akasogea. Nami, nisiwafiche, niliinama nikachungulia.

Hatukuona kitu. Tulipoinua vichwa, twiga alikuwa ameshapotelea vichakani.