Sufuri za Chepkosgei

Kila siku, saa tatu kamili asubuhi, Chepkosgei hupima mvua ya Olenguruone. Ameifanya kazi hiyo kwa miaka kumi na tisa bila mshahara, kwa niaba ya ofisi moja mjini Nakuru inayokusanya takwimu za mvua. Ng'ombe wake hukamwa mapema wasije wakamchelewesha. Mume wake alipokuwa hai, chai yake ya asubuhi ilingoja mvua ipimwe kwanza.

Kipima mvua kiko nyuma ya zizi, ndani ya ua wa waya: mkebe wa shaba, chupa, na silinda ya kioo yenye mistari myembamba. Kila mstari ni sehemu moja ya kumi ya milimita. Chepkosgei huchuchumaa mpaka macho yake yawe sawa na maji, kisha huandika daftarini. Wakati huo jirani yake, Kimaiyo, huwa anapita na mkebe wa maziwa.

"Mama Mvua! Leo umepata ngapi?"

"Kumi na mbili nukta sufuri."

"Si useme tu kumi na mbili! Hiyo sufuri hata ng'ombe hawezi kunywa."

"Kumi na mbili ni ya mtu aliyeangalia akipita. Mimi nimechuchumaa."

Jambo hilo alifundishwa katika kidato cha pili, mwaka wake wa mwisho shuleni. Tarakimu za maana ni zile ambazo mpimaji amezipima kweli. Anayeandika 12 ameahidi tarakimu mbili, na huenda mvua yenyewe ilikuwa 11.6 au 12.4. Anayeandika 12.0 ameahidi tatu. Amesema kwamba aliitafuta sehemu ya kumi, akakuta haipo.

Mwezi wa Mei, afisa mmoja aitwaye Wanyonyi alifika kutoka Nakuru akiwa na pikapu, sururu na barua. Barua ilieleza kwamba kipima mvua kingeng'olewa na kupelekwa Mau Narok, kwa mtu aliye makini zaidi. Chepkosgei aliisoma mara mbili, kisha akamletea mgeni chai.

"Mama, hatuna ubaya na wewe," Wanyonyi alisema akifungua kompyuta yake. "Lakini ona. Saba nukta nne, sawa. Tatu nukta tisa, sawa. Halafu hapa, kumi na mbili. Hapa, thelathini. Katika kila siku kumi hivi, siku moja unakisia."

Chepkosgei aliingia ndani akatoka na daftari. Lilikuwa na 12.0 na 30.0. Kompyuta ya ofisi ilikuwa imefuta kila sufuri ya mwisho, ikidhani haina kazi.

"Na mimi nilimwambia haina kazi," Kimaiyo alisema kutoka kwenye waya, alikosimama kusikiliza.

"Lakini mbona ziwe nyingi hivi?" Wanyonyi aliuliza.

"Zihesabu, kisha uhesabu na zinazoishia na saba," Chepkosgei alisema.

Wanyonyi alihesabu za miaka miwili. Za sufuri zilikuwa thelathini na moja, za saba thelathini na tatu; sufuri haikuwa imezidi. Akaendelea kufungua kurasa, akirudi nyuma, mpaka kidole chake kikasimama.

"Na hii tisa? Tisa peke yake, na imeandikwa kwa kalamu. Kompyuta haikuigusa."

"Siku hiyo nilikuwa namzika mzee wangu. Aliyesoma ni Kimaiyo."

Kimaiyo alivua kofia. "Niliangalia nikipita," akasema.

"Ungeongeza tu sufuri, mama," Wanyonyi alisema. "Nani angejua?"

"Sikuiona."

Wanyonyi alimaliza chai yake. Akaandika chini ya barua, "Kipima mvua kibaki hapa. Kompyuta irekebishwe," akatia sahihi, akairudisha sururu kwenye pikapu.

Kesho yake, saa tatu na dakika mbili, Kimaiyo alisimama kwenye waya na mkebe wake.

"Ngapi, Mama Mvua?"

"Sufuri nukta nne."

"Na hiyo sufuri ya mbele, nayo ilipimwa?"

"Hiyo hapana. Inashika tu nafasi, kama wewe hapo."

Kimaiyo akaenda na maziwa yake.