Mayai Kando ya Tanuri

Siku umeme ulipokatika Kamembe nzima, mayai ya mtafiti yaliletwa kwetu bulanjeri, tunapooka mikate. Mimi nilikuwa mwasha tanuri hapo, baada ya kuchoka kupakia mchele Bugarama. Shule niliiacha mapema, lakini mlango uliofungwa hunisumbua mpaka nijue kilicho ndani. Ndivyo nilivyomjua huyo dada mtafiti: nilikuwa nikipeleka mikate chuoni kwao, nikawa nakawia mbele ya maabara yake, mpaka akachoka kunifukuza.

Jenereta yao ilikuwa imeharibika. Nikamwambia tuna chumba cha kuumulia unga, na joto lake halipandi wala kushuka ovyo. Mwenye bulanjeri, ambaye sote tulimwita Maman, alikubali kwa sharti.

"Usinichanganyie mikate na batoto ba kuku," aliniambia, kisha akaenda sokoni kutafuta unga.

Kila yai lilikuwa limetobolewa dirisha dogo juu, likafunikwa kwa utepe unaoonyesha. Ndani, nukta nyekundu ilikuwa ikidunda. Mtafiti alinieleza kwamba baadhi ya seli za mle amezitengeneza upya, akazipa neno ambalo kuku hajawahi kuwa nalo. Nyingine amezipa sikio la neno hilo. Seli ikisikia, inawaka kijani, naye anaona ujumbe umefika wapi.

Mkaza mwana wa mwenye bulanjeri, aliyekuwa akiuza mikate dirishani, akaja kuchungulia. Alikuwa na mimba ya miezi minane. Ya kwanza ilikuwa imeharibika. Mama mkwe alikuwa amemkataza asiyasogelee mayai yale: mjamzito hatazami kiumbe ambacho hakijakamilika. Alitazama, tena kwa muda mrefu.

Akauliza seli zinajuaje pa kuota bawa. Mtafiti akamjibu kwamba hakuna mkubwa anayeziamuru. Kila moja huambiwa na jirani yake. Aliwahi kuzihamishia seli zinazosema upande wa pili wa bawa, na bawa likaota vidole mara mbili, kama mikono miwili iliyogandana.

"Na jirani akinyamaza?"

"Zinangoja," alisema mtafiti, macho yakiwa kwenye yai. "Nyingine zinakufa zikingoja."

Moto ulikuwa ukipasua kuni. Mkaza mwana aliweka kiganja ubavuni, akakihamisha, akakihamisha tena.

"Wa kwangu ananyamaza tangu jana," alisema, kwa sauti ya mtu anayetaja mteja ambaye hajapita.

Mtafiti alisimama. Hakuniachia agizo lolote kuhusu kazi yake. Alimshika mkaza mwana mkono, wakatafuta pikipiki mbili, wakaenda hospitali.

Nilibaki nikichochea kuni na kufungua mlango kidogo joto lilipozidi. Hata umeme uliporudi sikuthubutu kuyahamisha mayai. Nukta zote zilikuwa zikidunda.

Mwenye bulanjeri alirudi, akauliza kwa nini dirisha la kuuzia mikate limefungwa. Nilipomweleza, aliteremsha gunia polepole.

"Aliyatazama?"

Nikasema ndiyo. Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza.

Simu yangu ikalia. Alikuwa mtafiti. Nikaanza kumwambia kwamba mayai yake yote ni mazima, hakuna hata moja lililopoa. Aliniacha niseme mpaka nikaishiwa. Nyuma yake nilisikia mlango ukifungwa.

"Mpe Maman simu," alisema.

Mwenye bulanjeri alikuwa tayari ameketi juu ya gunia la unga, mkono ameunyoosha.