Odessa Wawili wa Bi Loretta

Siku ya kwanza kazini kwa Bi Loretta, kule South End ya Louisville, jimbo la Kentucky, nilifika na aproni yangu nikidhani naenda kupika na kufua. Kazi ya ghala ilikuwa imenivimbisha miguu, ndipo nikahamia kulea wazee majumbani. Bi Loretta alikuwa mjane, Mmarekani Mweusi, na macho yake yalikuwa yanazimika. Hakuniuliza kama najua kupika.

"Unaweza kusoma majina?"

"Majina naweza. Mengine siyawezi." Mimi niliishia darasa la tatu, na Kiingereza changu kilikuwa cha kuombea chumvi.

"Yanatosha. Kaa hapa."

Akawasha kompyuta, na ndani yake mlikuwa na karatasi za sensa za zamani. Wajukuu zangu, sensa ni hesabu ya watu wa nchi nzima, na hapa Marekani hufanywa kila baada ya miaka kumi. Zamani karani alipita mlango kwa mlango akiandika kwa mkono: kwanza mkuu wa kaya, yaani mwenye nyumba, kisha mke, watoto, na chini kabisa mpangaji au mtumishi. Karatasi hizo hufungiwa miaka mingi, mpaka wengi waliomo wamekwisha kufa, ndipo watu huruhusiwa kuzisoma.

Bi Loretta alikuwa anamtafuta Lucinda, mdogo wake bibi yake. Bibi huyo aliitwa Odessa. Yeye na Lucinda walilala kitanda kimoja hapo Louisville, mpaka Lucinda akaenda kaskazini kutafuta kazi, asirudi, wala habari zake zisisikike tena. Odessa alikufa akimwambia mjukuu wake, "Mtafute Lucinda. Usimwache huko peke yake." Sasa mjukuu mwenyewe alikuwa mzee, na alitaka kumpata kabla macho hayajazimika kabisa.

Basi mimi nilisoma, yeye akasikiliza. Alinifundisha nisiishie nyumba moja, nisome na majirani, maana watu wa zamani walihama pamoja na jamaa zao. Kwa hiyo nilisoma mtaa mzima: Moses Tandy mfua vyuma, mkewe Hettie, mama mkwe Charity. Mpaka leo nawakumbuka kuliko wanaoishi ng'ambo ya barabara yangu. Akanifundisha pia nisiuamini umri.

"Umri ni wa yule aliyefungua mlango," alisema. "Pengine alikisia."

Hapo nilicheka sana. Kambini Tanzania, tulikokimbilia kutoka Burundi, nasi tulipohesabiwa, miaka tulikisia vilevile.

Msimamizi wa wakala ulioniajiri, Mkenya mmoja, alinikuta siku moja nimekazia macho kompyuta. "Mama Jozefu! Wewe kazi yako ni dawa na chakula, si kutafuta watu wali-die kitambo!"

"Dawa amekunywa," nikamjibu. "Chakula amekula, kwa sababu nimemwahidi kumsomea mtaa mmoja zaidi."

"Haya. Mimi sijaona kitu."

Baadaye Bi Loretta alihamia Columbus, jimbo la Ohio, kwa binti yake Denise, karibu na University District, akakataa kwenda bila mimi. Denise ndiye akawa bosi wangu. Na hapo Columbus ndipo tulipomwona Lucinda: mtumishi katika nyumba ya daktari, ameandikwa chini ya watoto wa wenyewe. Bi Loretta alipapasa kioo kama mtu anayepapasa shavu. Lakini katika hesabu iliyofuata, Lucinda hakuwepo.

"Labda aliolewa, jina la ukoo likabadilika," Denise akasema. "Mama, pumzika. Amekufa miaka mingi."

"Najua amekufa. Nataka kujua alikufa akiwa wa nani."

Tukaacha jina la ukoo. Tukawatafuta akina Lucinda wote waliozaliwa Kentucky, maana karani aliandika na mahali pa kuzaliwa. Tulimaliza Ohio, tukaingia mji wa Buffalo. Alasiri moja nikasoma: "Lucinda Gaines, kazaliwa Kentucky. Mume, Walter, mpagazi wa reli." Kisha nikashuka nyumba ya pili.

"Mbona umeruka?"

"Hawa si wenyewe. Wana mtoto wa miaka minne ameandikwa Odessa. Odessa ni bibi yako, mtu mzima, yuko Louisville. Karani amekosea."

Msinicheke. Kwetu Burundi jina ni la mtu mmoja. Kila mtoto huja na lake. Sikuwahi kufikiri kuwa mtu anaweza kulitwaa la ndugu yake akampa mwanawe.

Bi Loretta alinishika mkono. "Lisome tena."

"Odessa."

"Anastazia, huyo si bibi yangu. Huyo ni mtoto wa Lucinda." Machozi yalimtoka. "Kila alipomwita mtoto aje kula, alikuwa anamwita dada yake."

Kuanzia hapo tulishuka naye Odessa mdogo hesabu hadi hesabu, mpaka tukamkuta naye ni mama, ana mtoto wa kiume, Clarence. Denise akapiga simu makanisani North Buffalo akimuulizia Clarence, mpaka akapatikana. Tulikwenda kwa gari, theluji ikianguka. Mzee mwenye mkongojo akafungua mlango.

"Nani kati yenu ni wa Odessa?"

"Inategemea," Bi Loretta akasema. "Wewe ni wa Odessa yupi?"

Yule mzee alicheka mpaka akaegemea ukuta. "Mama yangu alisema jina lake ni la kuazima. Mwenyewe yuko Louisville."

Wakakumbatiana hapo mlangoni, baridi ikiingia, na Denise hakuthubutu kusema fungeni mlango.

Bi Loretta alifariki majira ya kuchipua, Clarence akiwa kitini kando ya kitanda. Nami magoti yakanistaafisha. Siku hizi nimerudi kukaa South End, na namfikiria mdogo wangu Inamahoro. Tulipokimbia, yeye alipandishwa lori jingine, na jina lake sijalisikia kambi yoyote. Alipozaliwa kitukuu wangu wa kwanza, nikaomba aitwe Inamahoro.

Mwanangu Jozefu akashangaa. "Mama, lakini kwetu jina halirudiwi."

"Najua. Lirudieni."

Kwa hiyo karani wa sensa akibisha, msimfiche mtoto kwa ile desturi yetu ya kutotaja idadi ya watoto. Mtajieni Inamahoro, pole pole, mpaka aandike. Huenda mdogo wangu naye ana wajukuu, na mmoja wao siku moja ataketi asome majina, mtaa kwa mtaa. Akifika kwetu, asituruke.